Mbio za hatua za baiskeli za milimani

Mbio za hatua za baiskeli za milimani ni mashindano ya baiskeli yanayofanyika kwa siku kadhaa mfululizo kwenye njia za udongo, mawe, mchanga na misitu. Njia ya kila siku huitwa hatua. Muda anaotumia mshindani katika kila hatua hujumlishwa, na mwenye jumla ndogo kuliko wote ndiye mshindi. Mengi ya mashindano haya huchukua kati ya siku 3 na 8.

Jambo linaloyatofautisha na mbio kubwa za barabarani kama Tour de France ni washiriki wake. Tour de France ni ya timu za kulipwa peke yake. Mtu wa kawaida huishia pembeni mwa barabara akishangilia. Katika mbio za hatua za milimani, bingwa wa dunia na mwalimu wa shule wanaweza kuanza siku ileile, kupita kwenye njia ileile, kuvuka mto uleule na kulala kambi moja. Waendeshaji wa ridhaa ndio wengi, na kwa kiasi kikubwa ada zao ndizo zinazoendesha mashindano.

Barani Afrika mbio mashuhuri zaidi za aina hii ni Cape Epic ya Afrika Kusini. Afrika Mashariki ina 10to4 katika eneo la Mlima Kenya na K2N, inayotoka Kilimanjaro kwenda Ziwa Natron, pamoja na ndugu zake wa karibu, mbio za hatua za barabara za changarawe kama Migration Gravel Race ya Maasai Mara. Upande wa kusini-magharibi mwa Tanzania, yaani Mbeya na Songwe, unajulikana zaidi kwa safari ndefu za baiskeli kati ya Cairo na Cape Town.

Asili

Baiskeli ya milimani ilipata umbo lake katika miaka ya 1970 huko California, Marekani, ambako vijana walizifunga baiskeli za zamani breki imara na matairi mapana ili kuteremka nazo vilima vya Marin. Shirikisho la Kimataifa la Baiskeli (UCI) liliandaa ubingwa wa kwanza wa dunia wa mchezo huu mwaka 1990 mjini Durango, Colorado. Mwaka 1996 mchezo uliingia katika Olimpiki ya Atlanta.

Mbio za siku nyingi zilianza pembeni mwa mfumo huo rasmi. La Ruta de los Conquistadores ilianza mwaka 1993 nchini Costa Rica, ikivuka nchi kutoka Bahari ya Pasifiki hadi upande wa Karibi. Crocodile Trophy ya Australia ilifuata, na mwaka 1998 ikaja Transalp ya Ulaya, inayovuka milima ya Alpi kwa timu za watu wawili. Kevin Vermaak wa Afrika Kusini, baada ya kushiriki La Ruta, aliona kwamba nchi yake ina milima, hali ya hewa na watu wa kutosha kuandaa kitu kama hicho. Cape Epic ya kwanza ilifanyika mwaka 2004. Walioshinda ni Karl Platt wa Ujerumani na Mannie Heymans wa Namibia, hivyo Mwafrika alikuwa kwenye jukwaa la washindi tangu mwanzo. Platt alikuja kushinda mara 5 kwa jumla, sawa na Mswisi Christoph Sauser. Baadaye UCI iliipa Cape Epic daraja la juu kabisa la mbio za hatua za milimani.

Namna mbio zinavyoendeshwa

Kujumlisha muda kunabadilisha akili ya mashindano. Mtu anaweza kushinda hatua tatu na bado akashindwa mbio. Tuseme mwendeshaji amewatangulia wenzake kwa dakika 2 katika kila moja ya hatua tatu, kisha siku ya nne tairi lake likapasuka mbali na kituo cha msaada akapoteza dakika 15. Jumla yake inakuwa nyuma kwa dakika 9. Kwa sababu hiyo wazoefu hawaendi kwa nguvu zote siku ya kwanza. Hutunza miguu, hutunza baiskeli, na hutunza tumbo, maana ugonjwa wa tumbo umewatoa wengi mbioni kuliko milima.

Kila hatua ina muda wa mwisho. Anayechelewa huondolewa kwenye orodha ya matokeo, ingawa baadhi ya mashindano humruhusu kuendelea kupanda bila kuhesabiwa. Njiani kuna vituo vya maji, chakula na mafuta ya mnyororo. Mshindani hubeba mwenyewe pampu, tyubu ya akiba, kifaa cha kuunganishia mnyororo na koti la mvua.

Mashindano kadhaa huhitaji timu ya watu wawili. Katika Cape Epic wenzi hawaruhusiwi kuachana kwa zaidi ya dakika 2, na wakizidisha huongezewa muda wa adhabu. Kanuni hiyo ina sababu ya usalama: mtu akianguka bondeni, yuko wa kumwona. Lakini pia hufanya mbio ziwe mtihani wa kuvumiliana. Mwenye nguvu hulazimika kwenda kwa mwendo wa aliyechoka, na ushirikiano wa mwaka mzima unaweza kuvunjika katika kilima kimoja.

Washiriki hugawanywa katika makundi: wanaume, wanawake, timu za mchanganyiko, na makundi ya umri kwa waliotimiza miaka 40 na 50. Cape Epic pia ina jezi maalumu kwa timu inayoongoza miongoni mwa zile ambazo wote wawili ni Waafrika.

Wa ridhaa na wa kulipwa

Zamani mpaka kati ya makundi haya mawili ulikuwa wa kisheria. Hadi Olimpiki ya 1992 waendesha baiskeli wa kulipwa hawakuruhusiwa kushiriki michezo hiyo. Mlango ulifunguliwa mwaka 1996. Tangu hapo leseni za UCI hutofautisha zaidi umri na kiwango, kwa mfano wakubwa wa kiwango cha juu, chini ya miaka 23, na wakongwe. Kwa hiyo leo mtu huitwa wa kulipwa kwa sababu ya mkataba alionao: kampuni au timu inamlipa mshahara, inampa baiskeli na kumgharimia safari. Hata hivyo, katika baiskeli za milimani mikataba minono ni michache. Wapo wanaoitwa wa kulipwa ambao hupewa vifaa na nauli tu, na siku nyingine za juma wana kazi ya kufanya.

Ndani ya mbio tofauti huonekana kwanza kwenye saa. Katika hatua ambayo washindi wanaimaliza kwa muda wa saa 4 au 5, walio mwisho wanaweza kutumia mara mbili ya muda huo. Anayeongoza anamaliza kabla ya jua la mchana halijakolea. Anayefuata nyuma kabisa analipokea lote, na akifika kambini ana muda mfupi wa kula, kunywa, kufua na kulala kabla ya kuamka alfajiri. Kwa maana hiyo wa ridhaa hupanda mbio ndefu zaidi kuliko wa kulipwa, japo ramani ni ileile.

Tofauti ya pili ni kile kinachotokea baada ya mstari wa mwisho. Mwendeshaji wa kulipwa humkabidhi fundi baiskeli, akaenda kukandwa misuli na kulala ndani ya gari la timu. Wa ridhaa husimama kwenye foleni ya kuoshea baiskeli, akabadilisha vibao vya breki mwenyewe, kisha akalala kwenye hema dogo kati ya mamia ya mahema mengine, akisikiliza watu wakikoroma. Kazi hii ya usiku ni sehemu ya mashindano ingawa haimo kwenye matokeo.

Waandaaji wamejitungia heshima za kuwafaa wasioweza kushinda. Anayemaliza Cape Epic mara 3 huingia katika klabu iitwayo Amabubesi, neno la Kizulu lenye maana ya simba. Timu ya mwisho kati ya zilizomaliza ndani ya muda hupewa tuzo yake, na mara nyingi hupigiwa makofi kuliko iliyoshika nafasi ya kumi.

Si kila anayeangalia mchanganyiko huu anaufurahia. Waendeshaji wa kulipwa hulalamika wanapokuta njia nyembamba imezibwa na watu wa hatua fupi au wa kundi jingine, na ndiyo maana makundi huanzishwa kwa kupishana, wenye kasi wakitangulia. Wa ridhaa nao huona kwamba ada inapanda kadiri mashindano yanavyotafuta majina makubwa.

Hali ya Afrika Mashariki

Neno ridhaa latokana na kuridhia: mtu anafanya jambo kwa hiari yake bila kutegemea malipo. Katika mbio nyingi za Ulaya maana hiyo inatosha. Afrika Mashariki inapinda kidogo. Kwenye mstari wa kuanzia anayeitwa wa ridhaa mara nyingi ni mkazi wa mjini au mgeni mwenye kipato, ambaye baiskeli yake imegharimu sawa na pikipiki kadhaa. Karibu yake yuko kijana aliyejifunza kupanda kwa kubeba maziwa, mkaa au abiria. Huyu hana mkataba wala mshahara, hivyo kwa karatasi ni wa ridhaa pia, lakini anashindana akitafuta riziki. Akishindwa hana kazi ya ofisini ya kurudia.

Baiskeli kama chombo cha riziki ina historia ndefu katika eneo hili. Neno boda boda, ambalo sasa humaanisha pikipiki ya abiria, lilianzia kwa waendesha baiskeli waliovusha watu na mizigo kati ya Kenya na Uganda katika mpaka wa Busia.

Nchini Kenya jina la kwanza kutajwa ni David Kinjah, aliyewahi kuwa nahodha wa timu ya taifa na mwanzilishi wa kikundi cha Safari Simbaz huko Kikuyu, nje ya Nairobi. Vijana wanaofika kwake hufundishwa ufundi wa baiskeli sambamba na mazoezi, kwa sababu asiyejua kutengeneza baiskeli yake hawezi kuimiliki kwa muda mrefu. Mmoja wa waliojifunza kwake, wakipanda baiskeli za milimani kwenye njia za vijijini, ni Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyekuja kushinda Tour de France mara 4 kuanzia mwaka 2013, akiwa na uraia wa Uingereza. Wenzake wa Kikuyu waliobaki hawakupata njia kama hiyo, na Kinjah mwenyewe alikuwa ameshapita umri wa ujana milango ya timu za Ulaya ilipoanza kufunguka kwa Waafrika.

10to4 huandaliwa na Mount Kenya Trust, shirika la uhifadhi, na mapato yake huenda katika kuulinda mlima na wanyama wake. Jina linatokana na mteremko wa njia ya asili: kutoka karibu futi 10,000 juu ya usawa wa bahari hadi karibu futi 4,000. Ni mbio za siku 3 zenye makundi ya uwezo tofauti, na familia nzima huja. Hapa wa ridhaa ndio wenyeji wa shughuli, na wapandaji wa timu za Kenya huja kushindania nafasi za mbele.

Migration Gravel Race ilianza Juni 2021 katika eneo la Maasai Mara. Ina hatua 4 zenye jumla ya takriban kilomita 650. Njia zake ni barabara za changarawe na vumbi, hivyo baiskeli zinazotumika zina usukani wa mbio za barabarani na matairi mapana. Wapo wanaoona ni mchezo tofauti, lakini utaratibu wa hatua, kambi na mchanganyiko wa washiriki ni uleule. Mbio hizi zilianzishwa na mradi wa Amani, chini ya mwanasheria Mikel Delagrange, ukishirikiana na waendesha baiskeli wa Kenya, Uganda na Rwanda. Hoja yao ilikuwa nyepesi: Mwafrika Mashariki anayetaka kujipima na mabingwa hukwama kwenye viza na nauli, kwa hiyo heri mabingwa waje huku. Walikuja. Katika mbio za kwanza walikuwemo Laurens ten Dam wa Uholanzi na Ian Boswell wa Marekani, wote wawili waliopitia timu kubwa za barabarani. Mwaka 2022 waandaaji haohao walileta Evolution Gravel Race nchini Tanzania.

Nahodha wa timu ya Amani alikuwa Suleiman Kangangi, maarufu Sule, aliyezaliwa mwaka 1989 na kukulia Eldoret. Alikuwa amepitia Kenyan Riders na timu ya Bike Aid ya Ujerumani. Tarehe 27 Agosti 2022 alianguka katika mbio za Vermont Overland nchini Marekani na kufariki akiwa na umri wa miaka 33. Alikuwa mmoja wa wachache waliofahamu pande zote mbili, mwendeshaji wa kulipwa aliyewahi kukosa pesa ya kununua tairi, na mpango wa kuwapeleka wenzake nje ulimtegemea sana.

Rwanda ilichukua njia nyingine. Mwaka 2006 mbunifu wa baiskeli Tom Ritchey wa Marekani alisaidia kuandaa Wooden Bike Classic, tamasha lililokuwa na mbio za baiskeli za mbao zinazotumiwa na wakulima kubebea mizigo. Kutokana na tamasha hilo iliundwa timu chini ya Jonathan Boyer, Mmarekani wa kwanza kushiriki Tour de France, na mwaka 2007 waendeshaji wake walikwenda Cape Epic. Miongoni mwa vijana wa Boyer alikuwa Adrien Niyonshuti, aliyesajiliwa na timu ya MTN ya Afrika Kusini mwaka 2009. Katika Olimpiki ya London mwaka 2012 Niyonshuti aliibeba bendera ya Rwanda na kumaliza mbio za baiskeli za milimani akiwa wa 39. Nafasi hiyo haikuwa ya mbele, lakini kumaliza ndilo lililokuwa lengo: katika mbio hizo anayekaribia kupitwa mzunguko mzima na kiongozi huondolewa.

Tanzania ina chama cha taifa, Chama cha Baiskeli Tanzania (CHABATA), na utamaduni mkubwa wa mbio katika Kanda ya Ziwa. Mashindano ya Mwanza yaliyodhaminiwa na Vodacom yalivuta wapandaji kutoka Shinyanga na mikoa jirani, wengi wao wakiwa watu wanaotumia baiskeli kila siku kwa kazi. Hayo ni mbio za barabarani za siku moja. Mbio za hatua za porini nchini zimejikita kaskazini, karibu na mbuga na hoteli za utalii, ambako wageni wenye uwezo wa kulipa ada tayari wapo.

Cairo hadi Cape Town

Kwa nyanda za juu kusini magharibi mwa Tanzania, tukio la karibu zaidi na mbio za hatua ni Tour d'Afrique, inayoandaliwa na kampuni ya TDA ya Toronto, Kanada. Ni msafara wa baiskeli wa takriban miezi 4 kutoka Misri hadi Afrika Kusini. Safari ya kwanza ilianza tarehe 18 Januari 2003 na kumalizika tarehe 17 Mei mwaka huohuo. Waendeshaji 9 waliomaliza njia nzima waliingia katika kitabu cha rekodi cha Guinness. Wengi katika miaka ya mwanzo walitumia baiskeli za milimani, kwa kuwa sehemu kubwa za Sudan, Ethiopia, kaskazini mwa Kenya na katikati mwa Tanzania hazikuwa na lami.

Utaratibu wake ni mfano mzuri wa makundi mawili kuishi pamoja. Kwa miaka mingi washiriki walijiandikisha ama kama washindani ama kama wasafiri. Wote walipita njia moja na kulala kambi moja, ila washindani walipimwa muda kwa kila hatua, na baadhi ya siku ziliwekwa kuwa za lazima kwao. Wasafiri walisimama kunywa chai, kupiga picha au kuzungumza na watoto. Hakuna kundi kati ya haya lililolipwa. Wote walilipa, na ada ya njia nzima katika miaka ya karibuni imezidi dola 10,000 za Marekani. Wamo wastaafu, walimu, madaktari na wanafunzi walioahirisha masomo. Heshima kubwa ndani ya msafara si ya mshindi. Ni ya yule aliyepanda kila inchi ya njia bila kupakiwa kwenye lori hata siku moja, na watu wamewahi kupanda wakiwa na homa ili wasiipoteze.

Msafara huu hupumzika Mbeya. Kutoka hapo njia yake ya kawaida huelekea Malawi kupitia Tukuyu na kuvuka mto Songwe katika mpaka wa Kasumulu, wilaya ya Kyela. Jina linachanganya watu: mpaka huo wa Songwe uko Mkoa wa Mbeya, kama ulivyo Uwanja wa Ndege wa Songwe. Mkoa wa Songwe wenyewe, ulioanzishwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya, una makao makuu yake Vwawa, na mpaka wake mkubwa ni Tunduma.

Wanaoelekea Zambia moja kwa moja ndio hufuata barabara kuu hadi Tunduma na kuvukia Nakonde. Mskoti Mark Beaumont, mwendeshaji anayeishi kwa kazi hiyo, alipovunja rekodi ya Cairo hadi Cape Town mwaka 2015 alipita nchi 8 bila kuingia Malawi, akitoka Tanzania na kuingia Zambia. Alitumia siku 41, saa 10 na dakika 22. Umbali unaofanana na huo msafara wa Tour d'Afrique huutumia karibu mara tatu ya muda, pamoja na siku za kupumzika.

Tunduma na Mkoa wa Songwe

Kwa mwendesha baiskeli, Songwe ni mikoa mitatu ndani ya mmoja. Uwanda wa Mbozi, wenye mashamba ya kahawa na mahindi, una barabara nyingi za udongo mwekundu zinazopanda na kushuka taratibu. Humo ndimo kilipo kimondo cha Mbozi kwenye kilima cha Marengi. Ileje, upande wa kusini unaopakana na Malawi, ina milima mikali na baridi. Kaskazini na magharibi ardhi huporomoka kuelekea Bonde la Rukwa, ambako Kamsamba, wilaya ya Momba, iko chini sana kuliko uwanda na joto lake ni la nchi nyingine kabisa. Mteremko kutoka uwanda hadi bondeni ni mamia ya mita, na asubuhi ya pili mtu hulazimika kuyapanda tena.

Mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei. Wakati huo udongo wa Mbozi hushika matairi hadi magurudumu yasizunguke, na anayebeba baiskeli begani huenda kasi kuliko anayeisukuma. Kuanzia Juni hadi Oktoba njia ni kavu, asubuhi ni baridi, na vumbi ni jingi.

Barabara ya lami kati ya Vwawa na Tunduma ni ya hatari kwa baiskeli. Ni sehemu ya njia kuu kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia na Kongo, na foleni za malori Tunduma zinajulikana kote nchini. Kituo cha pamoja cha huduma za mpakani cha Tunduma na Nakonde, kilichozinduliwa Oktoba 2019, kimepunguza muda wa kuvuka, lakini malori ni yaleyale. Waendeshaji wazoefu huondoka alfajiri au hutafuta njia za vijijini zinazokwenda sambamba na barabara kuu.

Wenyeji hupanda njia hizi kila siku bila namba kifuani. Baiskeli nzito za chuma za aina ya Phoenix, zisizo na giya, hubeba magunia ya mahindi, mkaa, ndizi na madumu kutoka vijijini hadi sokoni. Mzigo mmoja wa mkaa unaweza kumzidi uzito anayeuendesha. Kwenye kilima hushuka na kusukuma. Kwenye mteremko hukanyaga breki kwa kisigino cha ndala. Fundi wa baiskeli yupo karibu kila soko, na anaweza kunyoosha gurudumu lililopinda kwa spana ya spoku na jicho lake tu, ingawa breki za mafuta na mnyororo mwembamba wa giya 12 vinaweza kumshinda kwa kukosa vipuri.

Gharama na vikwazo

Kijana wa Tunduma anayetaka kuingia mbio za hatua hukutana na mambo manne kabla ya kilima cha kwanza: baiskeli, leseni, ada na safari. Baiskeli ya milimani inayofaa mashindano hugharimu mamilioni ya shilingi, na matairi na minyororo yake huisha haraka kwenye vumbi. Leseni ya kimataifa hupatikana kupitia chama cha taifa. Ada ya mbio za siku 3 yaweza kuzidi kipato cha mkulima cha miezi kadhaa. Safari ya kwenda Arusha au Nanyuki huhitaji nauli ya mtu na ya baiskeli, na siku za kukaa bila kazi.

Waandaaji kadhaa hutenga nafasi za bure au za bei nafuu kwa wenyeji. Mradi wa Amani hukusanya fedha za vifaa na safari kwa timu yake. Afrika Kusini, Christoph Sauser alianzisha mpango wa songo.info katika kitongoji cha Kayamandi, Stellenbosch, ambako watoto hufundishwa baiskeli sambamba na masomo. Nafasi ya bure peke yake huwa haitoshi: mtu anayepewa namba ya ushiriki wiki mbili kabla, akapanda baiskeli ya kuazima isiyolingana na urefu wake, huishia kwenye gari la kubeba walioshindwa siku ya pili, na matokeo yanaandikwa kwamba hakumaliza.